Tao la Kumi juu ya Kumi

Jumatatu, 6 Julai 2026
Nimeota tena. Tao la makuti linaelea juu ya mto Lualaba, ukungu umelizunguka, na mji wetu mzima wa Kasongo unapita chini yake polepole. Nimeamka nikitabasamu. Jumamosi mpwa wangu Faradji anaoa, na wageni wa Kabambare lazima wapokewe kwa tao mlangoni. Miongoni mwao Mounira, mjane, shangazi wa bibi arusi. Ah, Mounira! Akiuliza nani kalisuka, nataka ajibiwe: Moussa. Tatizo ni shangazi yangu Fatuma. Miaka yote matao ni yake.

Jumanne, 7 Julai
Mbinu! Nimependekeza kila anayeitaka kazi asuke kipande, ajipe pointi mwenyewe, kisha mwalimu Olga atoe zake. Atakayejipima sawasawa ndiye atasuka tao. Shangazi atajishusha tu, wazee ndivyo walivyo. Mimi najijua.

Jumatano, 8 Julai
Aicha, mjukuu wa shangazi, miaka saba, kajipa kumi juu ya kumi. Tukacheka sana. Mimi nami nikajipa kumi. Hakuna aliyecheka, nikadhani ni heshima. Shangazi akajipa sita, akasema mikono iko inatetemeka siku hizi, lakini kusuka anajua.
Olga akatangaza. Shangazi sita. Aicha saba. Mimi mbili. Mbili! Olga anafundisha hesabu, ataona nini? Lakini imeniuma. Nimekaa nyuma ya nyumba nikitazama mawingu. Hata yenyewe yalikuwa na umbo la tao.

Ijumaa, 10 Julai
Shangazi kanihurumia, kaniruhusu nishike nguzo. Alipoingia ndani kuswali, nikalishusha tao lake. Sasa liko chini, mgeni apite polepole kama ndotoni, akiinama kwa adabu.

Jumamosi, 11 Julai
Wamekuja kwa pikipiki. Bila shaka! Kwa barabara ile mbovu ya Kabambare mtu aje na nini kingine? Ya mbele ilimbeba Mounira, na nyuma yake godoro la bibi arusi, limefungwa wima. Dereva akainama. Mounira akainama vizuri mno. Godoro halikuinama.
Tao likaondoka nalo hadi karibu na soko, makuti yakipepea. Shangazi akaenda kuokota kamba zake.
Mounira alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza nani kalifanya hivi. Uwanja mzima ukajibu: Moussa!

Jumapili, 12 Julai
Nimejikosoa bila huruma. Tisa na nusu. Mounira anarudi Kabambare Jumanne. Nitamsukia jingine mimi mwenyewe. La chini zaidi, ili pikipiki isimame na yeye abaki.