Tanuri Linalosubiri Marahaba

Jumatatu, 3 Machi

Ufafanuzi kwanza. Skrini ya makaribisho ni hali ya kioo cha mashine kuanzia pale umeme unapoingia mpaka pale mtumiaji anapopewa haki ya kuchagua. Kabla yake hakuna mashine, kuna bati. Baada yake kuna menyu. Katikati kuna adabu. Watu wengi hufikiri sehemu hii ni pambo. Watu wengi hukosea.

Nayaandika haya kwenye meza ya kulia chakula, kati ya waya na kikopo cha chumvi, kwa kuwa sina mahali pengine. Mke wangu ametangaza kwamba kufikia Jumapili meza hii itarudi kuwa meza. Kidhibiti changu, ule ubongo mdogo wa mashine, kioo changu na vitufe vyangu vyote vitahamia uvunguni mwa kitanda, na mwenyewe nikipenda nivifuate.

Basi rehema imeshuka! Swichi ya kuzungusha ya tanuri la mama mkwe imevunjika. Mama mkwe huoka mikate na kuiuzia katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma kuna chumba kitupu, chenye dirisha na soketi mbili. Amesema mkwe atakayelifanya tanuri litii kabla ya Jumamosi, siku ya oda kubwa ya shule, atapewa chumba hicho. Wakwe ni wawili: mimi, mwalimu wa mantiki niliye likizoni, na mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, muuza magodoro. Yeye anakitaka chumba apange magodoro. Magodoro! Katika chumba chenye soketi mbili!

Pendekezo lake: itafutwe swichi nyingine kama ile. Pendekezo langu: kidhibiti kidogo, kioo cha mistari miwili, vitufe vitatu vya Juu, Chini na Sawa, na menyu ya Mikate, Keki na Biskuti. Mama mkwe akauliza kama hiyo menyu inaoka. Nikamhakikishia kwamba inaoka kwa hiari ya mtumiaji. Akanitazama kitambo. Nimeichukulia kuwa ndiyo.

Tukirudi nyumbani mke wangu amenishauri niweke kitufe kimoja tu: bonyeza, linawaka, bonyeza, linazima, mambo yakaisha. Ni mwenye akili nyingi. Tatizo lake ni kwamba hupenda mambo yaishe.

Jumanne, 4 Machi

Toleo la kwanza limefanya kazi! Kioo kikawaka buluu, kikaandika KARIBU katikati kabisa, nafasi tupu tano kushoto, tano kulia. Usawa kamili. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaona, akaomba kikopo cha chumvi.

Kisha shaka ikaniingia. Nani anamkaribisha nani? Anayekaribisha ni mwenyeji. Jiko ni la mama mkwe. Tanuri liliingia humo baada yake, tena kwa kubebwa. Kwa hiyo tanuri ni mgeni, na mgeni kumkaribisha mwenye nyumba nyumbani kwake ni ufedhuli. Nimefuta. Tanuri halina haki ya kukaribisha. Lina wajibu wa kuamkia. Na kwa mtu wa heshima ya mama mkwe, amkio ni moja: SHIKAMOO.

Nikaenda mbele zaidi. Mtu akiamkiwa, sharti aitikie ndipo mengine yafuate. Basi menyu isifunguke mpaka kitufe cha Sawa kibonyezwe, ambacho hapo maana yake ni marahaba. Sijapata kuona programu yenye malezi kama hii.

Mwanyumba amezunguka kwa mafundi akiulizia swichi. Ameambiwa za aina ile zimeacha kutengenezwa. Nilimpa pole. Nilijitahidi nisitabasamu. Sikufaulu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga kioo kwenye tanuri. Mama mkwe ameguswa! Alivaa miwani, akasoma, akaweka mkono kifuani, akasema, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Akasubiri. Tanuri nalo likasubiri. Wote wawili wana subira kubwa.

Nikamweleza kwamba marahaba hii haitamkwi, inabonyezwa. Akasema ameshaitikia, na kwamba mtoto anayetaka kuitikiwa mara mbili ana lake jambo. Mwishowe alibonyeza, shingo upande.

Hapo ikatokea hitilafu ndogo. Kitufe kikibonyezwa, vyuma vyake vya ndani hudundadunda kabla ya kutulia, na kidhibiti huhesabu kila mdundo. Mama mkwe alibonyeza mara moja. Tanuri likasikia marahaba, likafungua menyu, likachagua jina la kwanza, likalithibitisha, likaanza kuoka kwa bidii mikate ambayo bado ilikuwa unga guniani. Mwanyumba alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Mwanyumba, tanuri lako linajibu hata lisiloulizwa, kama wewe!"

Nimelirekebisha. Sasa kitufe kikishabonyezwa, kidhibiti hujifanya hakisikii mpaka kidole kiondoke na vyuma vitulie. Mke wangu ameuliza kama naweza kumwekea na yeye kitu kama hicho, akitumie ninapoeleza.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Zamu ya asubuhi ni ya shemeji, yaani mke wa mwanyumba. Akawasha. Tanuri likamwamkia. Shemeji akaita nyumba nzima ije ishuhudie. Akauliza kama ameota mvi, kama ana wajukuu asiowajua, na kama ni mimi niliyelituma. "Shemeji, ukiwa na neno juu ya umri wangu njoo uniambie uso kwa uso. Usinitumie bati!"

Hoja yake ina msingi. Kuamkia bila kujua umri ni kubahatisha. Papo hapo nikaongeza swali linalotanguliwa na umeme tu: NANI MKUBWA? Chini yake majibu mawili, Mtu na Tanuri. Mtu akiwa mkubwa, tanuri linamwamkia. Tanuri likiwa kubwa, anayeamkia ni mtu, kwa kubonyeza, nalo linaitikia. Haki bin haki.

Ikabaki kuthibitisha umri wa tanuri. Mama mkwe akasema alilinunua shemeji hajazaliwa. Tena alipozaliwa, siku za baridi, kikapu chake kiliwekwa kando ya tanuri apate joto. Hitimisho halikwepeki. Tanuri ni mkubwa wa shemeji, na kwa namna fulani ni mlezi wake. Nilimweleza hayo kwa upole.

Akakataa katakata. Chombo anachokisugua yeye mwenyewe kwa waya wa kusugulia masufuria, aje akiamkie? Nikamkumbusha kwamba yuko huru kuchagua Mtu. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye kitufe, kisha akakirudisha. Maana akichagua Mtu, amekiri mbele ya wateja kwamba ni mzee kuliko tanuri linalomzidi umri. Akichagua Tanuri, ameliamkia bati. Akaketi, mikono kifuani, akakikazia kioo macho. Kioo nacho hakikupepesa. Wateja wakaanza kuondoka mmojammoja, mikono mitupu.

Nakiri lilikuwa tatizo safi sana. Ningelitungia mtihani.

Mwanyumba akaja akaliharibu. Alibonyeza Tanuri, akainama mpaka kiunoni, akasema, "Shikamoo babu, tunaomba mikate." Kioo kikaandika MARAHABA. Menyu ikafunguka, mikate ikaingia, wateja wakapiga makofi. Mama mkwe akamsifu kwa unyenyekevu wake. Wake! Programu ni yangu!

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umekatika kidogo tu, kama jicho lililopepesa. Uliporudi, tanuri lilikuwa limesahau kila kitu: mikate iliyomo tumboni, muda uliobaki, moto uliotakiwa. Lilichokumbuka ni adabu. NANI MKUBWA? likauliza, likasubiri jibu. Mama mkwe alikuwa nje akipokea unga. Aliporudi alifungua mlango, akaitazama mikate iliyosinyaa kama soksi, akafunga taratibu. Hakupaza sauti. "Mkwe wangu, kesho kuna watoto wa shule wanaongoja mikate. Mimi na hili tanuri tumejuana miaka. Sina haja ya kutambulishwa kwalo upya kila umeme ukipepesa."

Nimeelewa uzito wa jambo. Chumba kimening'inia kwenye uzi. Mbele yangu kuna kazi mbili: kulifundisha tanuri kukumbuka lililokuwa likifanya, na kurekebisha maamkio ya mama mkwe, ambayo mpaka sasa hayamtaji kwa cheo chake. Nimeanza na ya pili, kwa kuwa ni fupi.

Haikuwa fupi. Sasa yanasomeka hivi: SHIKAMOO MAMA MKWE MPENDWA, MWENYE JIKO HILI, KWA HESHIMA TUNAKUSIKILIZA. Kioo huchukua herufi kumi na sita tu kwa mstari, basi nimeyapitisha maneno kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kama msafara wa mkubwa. Na kwa kuwa kumkatiza anayekuamkia si ustaarabu, nimevizuia vitufe mpaka msafara umalizike. Yamependeza mno! Lile swali la ukubwa nimeliondoa, kwa kuwa kesho anayeoka ni yeye peke yake.

Ile kazi ya kwanza haijapata nafasi.

Jumamosi, 8 Machi

Sababu za kushindwa zilikuwa za kiufundi. Nataka hilo lieleweke.

Umeme haukukatika hata mara moja, kwa hiyo wote waliodai kwamba nilianza na kazi isiyofaa wamekosea. Mama mkwe aliingia alfajiri, mikono imejaa unga uliokandwa, miwani imebaki chumbani. Maamkio yakaanza kupita. Aliona taa ya buluu na vidudu vinavyokimbia, akadhani tanuri linalalamika. Akabonyeza. Msafara ulikuwa bado kwenye MPENDWA. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kwa kidole kilichovaa unga mzima. Kitufe kikashuka. Hakikupanda.

Hapo kidhibiti kikafanya kama nilivyokifundisha Jumatano: kikajifanya hakisikii mpaka kidole kiondoke. Kidole kilikuwa kimeondoka zamani. Unga ndio uliobaki umekibonyeza. Msafara ukapita, ukarudi, ukapita. KWA HESHIMA TUNAKUSIKILIZA. Mama mkwe akaniuliza kama linamsikiliza kweli. Nikaanza kufafanua maana ya kusikiliza. Shemeji akanitoa jikoni kwa kunishika mkono wa shati.

Mwanyumba akaingia na kitu kwenye mfuko wa plastiki. Swichi! Ileile, ameichomoa kwenye tanuri bovu alilolikuta kwa muuza vyuma chakavu. Aliniambia kwa adabu, "Mwanyumba, niruhusu tu hapo." Nikamruhusu, kwa sababu shemeji alikuwa bado amenishika. Akafungua, akafunga. Akazungusha. Krrr. Taa nyekundu, joto, basi. Hakuna hata habari za asubuhi! Nililionea tanuri haya.

Mikate ikafika shuleni ikiwa ya moto. Mama mkwe akamkabidhi mwanyumba ufunguo wa chumba cha nyuma mbele ya wote. Mimi aliniambia kwamba maandishi yangu yalikuwa mazuri, ingawa hakuyasoma. Nilikula nusu mkate kwa hasira. Ulikuwa mtamu kupita kiasi. Hilo nalo liliniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Meza imekuwa meza. Nilikuwa uvunguni, kichwa ndani, nikipima kimo cha kitanda, nikasikia mwanyumba akibisha hodi na kuuliza kama mwenye nyumba yuko. Mke wangu akamjibu kwamba yupo, hizo hapo nyayo zake.

Amekuja na habari. Magodoro yamepangwa mpaka darini, lakini ameogopa kuyaegemeza karibu na umeme, kwa hiyo pembe yenye soketi imebaki tupu. Amesema nihamie. "Chumba ni cha mama, na sisi wote tumeoa nyumba moja. Utafanyia kazi wapi kijana mwenzangu, chini ya kitanda?" Si kijana mwenzangu, na sielewi kwa nini ni mwema hivi. Masharti yake mawili: tanuri nisiliguse, na mlango wa chumba usiwekwe kioo wala kitufe. Nimeapa.

Nimeshahamia! Pembe ni nzuri ajabu. Magodoro humeza kelele zote. Unaweza kusikia wazo likija. Katika utulivu huu nimelipitia kosa langu kwa makini, na nimelipata. Wote wanadhani maamkio yalikuwa marefu. La hasha. Kosa lilikuwa kuyafunga kwenye chombo chenye shughuli. Tanuri lina kazi. Haliwezi kuamkia watu na kuoka. Chombo cha kuamkia watu ni kile kisicho na kazi nyingine ila kufunguka na kufungwa.

Sharti linataja mlango. Ukuta ulio kando ya mlango si mlango. Tundu nimeshalitoboa. Kutakuwa na vitufe viwili, kimoja changu na kimoja cha mwanyumba. Kila mtu atabonyeza chake, ataamkiwa anavyostahili, ataitikia, ndipo komeo lijivute. Nimempitia mama mkwe kumwomba ufunguo wa akiba, nikasema ni wa kupimia tu.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote ya wiki hii. Mwanyumba amenizidi umri. Lakini mimi nimeoa dada mkubwa, nami nilikuwa tayari mkwe wa nyumba hii siku alipokuja kuposa. Nilikaa upande wa waliomhoji. Sasa tukifika mlangoni kwa pamoja, yeye na godoro begani, mimi na karatasi zangu, vidole viwili vikabonyeza kwa wakati mmoja, nani aamkiwe kwanza: aliyetangulia kuzaliwa, au aliyetangulia kuoa?