Betri Chini ya Kitanda na Koili ya Mama Billy

Jumapili, 8 Juni 2025

Sijamwambia mtu yeyote haya. Mimi ndiye niliyezima stima ya plot nzima leo mchana. Vyumba kumi na viwili. Mechi ilikuwa dakika ya themanini.

Sababu ni ya kitaifa. Alhamisi nina mdahalo shuleni: Kenya iache petroli, iunde magari yake ya umeme. Mimi naunga mkono, Eugene anapinga. Mshindi anawakilisha shule kwenye mashindano kule Kawangware. Shida ni kwamba sauti yangu hukauka nikiona watu zaidi ya wanne. Nilihitaji ushahidi wa kuongea badala yangu: betri ya boda ya umeme, iliyochajiwa hapa hapa Kianda kwa soketi ya kawaida. Binamu yangu Wabwire aliniachia yake na chaja, akaenda kanisani. Nikaisukuma chini ya kitanda.

Dakika kumi na moja. Pap! Halafu kimya. Halafu matusi ya vyumba kumi na viwili.

Jumatatu, 9 Juni

Landlodi, Mzee Mbuthia, alirudisha stima kisha akaanza msako. Sheria ya plot ni taa, simu na TV tu, kwa sababu stima iko ndani ya kodi. Alipofika kwetu nilikuwa nimekaa kitandani nasoma Zaburi. Akanisifu!

Kwa Mama Billy, anayeuza chai na mandazi, akapata koili ya umeme ya kuchemshia maji ndani ya ndoo. Kesi ikaisha. Ahame kufikia Jumamosi. Mama Billy akasema hiyo koili iliungua tangu Pasaka. Mzee akasema kila mwizi ana Pasaka yake.

Asubuhi Mama Billy hunipa mandazi yaliyovunjika. Leo alinipa zima. Nikaliweka mfukoni.

Alhamisi, 12 Juni

Niliongea dakika mbili nzima nikiangalia dari. Kwamba mafuta tunayangoja yaje na meli ilhali stima tunaizalisha wenyewe. Kwamba fundi anayeunda geti anaweza kuunda mlango wa gari. Watu walipiga makofi. Wengine.

Eugene akasimama. Anaishi plot jirani, kwa bahati mbaya.

"Jumapili koili moja ya chai ilizima plot nzima huko kwetu," akasema. "Sasa huyu anataka tuchaji malori?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Bi. Ndanu, msimamizi, akauliza kama nina jibu. Nilikuwa nalo! Haikuwa koili. Ilikuwa betri.

Nikaketi.

Eugene anaenda Kawangware. Mlangoni aliniambia, "Pole, Waziri wa Kawi."

Ijumaa, 13 Juni

Mama Billy anafunga sufuria kwa kamba. Nilijaribu kumwambia mama yangu. Nilifika kwenye "Mum, ile stima." Akasema imesharudi, nikalale.

Wabwire anasema niseme ukweli tu, aibu ni ya siku mbili. Hanijui. Yangu huchukua muhula.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata njia! Barua isiyo na jina. Nimemweleza Mzee Mbuthia kila kitu: betri, dakika kumi na moja, Mama Billy hana hatia. Muundo safi kabisa. Anwani ya mwandishi juu kulia: Chumba Nambari 8, Kianda. Tarehe. YAH: KUZIMIKA KWA STIMA. Mwalimu Mwanzia hukata alama mbili ukisahau anwani. Chini nikaandika Wako mwaminifu, halafu pengo. Nikaichomeka kwenye waipa ya Probox yake.

Ameisoma mara mbili akiwa ameegemea gari. Amemwambia Mama Billy arudishe sufuria ndani. Mama Billy analia na kucheka. Nami nimelia kidogo, dirishani.

Kumbe ni rahisi hivi! Kesho naandika nyingine, kwa Bi. Ndanu, kuomba mdahalo urudiwe. Bila jina, muundo ule ule. Hakuna atakayejua ni nani.

Nyayo. Mzee Mbuthia anahesabu milango kwa sauti. Sita. Saba. Sijui anamtafuta nani.

Daftari, ingia chini ya godoro.