Ombi la Kufunguliwa Tena kwa Makao Aliyokuwamo Kaka Yangu

Ndugu Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii,

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, kwa kuwa mimi mwenyewe kila nilipokuja sikukukuta. Ninaandika kwa heshima zote kuhusu uamuzi wenu wa kuyafunga Makao ya serikali ya watu wenye ulemavu wa akili na kumrudisha kaka yangu nyumbani, bila kutufikiria sisi tusio na ulemavu.

Kaka alipelekwa huko akiwa mtoto, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba aliambiwa ni shule. Kibao cha getini wakati ule kilisomeka Hifadhi ya Wapungufu. Baadaye kikawa Makao ya Wasiojiweza, kisha Kituo cha Maendeleo ya Watu Maalumu. Kila mkubwa mpya alikuja na mpaka rangi wake. Ukuta wenye vipande vya chupa juu haukuguswa. Tuliambiwa tusiende kumwona mara kwa mara, eti tunamvuruga, na mama akatii mpaka akafariki. Mwaka huu gari lenu limemshusha mlangoni kwangu akiwa na mvi na suruali ya mtu mwingine.

Hayo siyalalamikii, ni historia, na historia ina wenyewe. Nalalamikia haya:

1. Chakula. Kaka anamaliza sahani kabla sijakaa, mkono mmoja ameuzungushia sahani, maana huko Makao aliyezubaa alilala njaa. Mume wangu, ambaye tangu tuoane hajala bila kulalamikia chumvi, sasa anaogopa kupitwa. Anakula kimya na anaomba kuongezwa. Nyumba imekuwa na amani kiasi kwamba sijui tena kama ananipenda.

2. Milango. Alipofika alikuwa anasimama mbele ya mlango wa choo mpaka aruhusiwe. Siku moja nilimkuta amesimama hapo amejikunja, roho ikaniuma, nikamwambia, "Kaka, hapa ni kwenu. Mlango wowote wewe fungua tu." Akalichukua neno langu kama lilivyo. Kesho yake akafungua mlango wa ofisi ya mwenyekiti wa mtaa, akavuta kiti katikati ya kikao, akauliza, "Maji yanatoka lini?"

Sisi swali hilo tumelimeza miaka. Mwenyekiti akajibu kwamba suala linashughulikiwa. Kaka akasema, "Sawa, nangoja," na akangoja kweli, maana kungoja ndiyo kazi pekee aliyofundishwa na serikali. Kila asubuhi alirudi kwenye kiti kilekile. Wiki haikuisha, maji yakatoka. Sasa sisi wanawake tuliokuwa tukikutana kwenye foleni ya ndoo hatuna pa kusengenyana. Kwamba jirani yangu amejifungua, nimejulishwa na mtoto mwenyewe, kwa kulia.

3. Ukweli. Wifi yangu alimuuliza kama gauni lake jipya limempendeza. "Hapana," kaka akasema. "Lile la kijani." Wifi akanuna, akaenda kubadili, akapendeza. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mzee Hapana, na hakuna anayeshona nguo, kununua kochi wala kukubali posa kabla hajaja kumuuliza. Fundi cherehani hanisalimii, na wachumba wawili vilevile.

Kwa sababu hizo naomba Makao yafunguliwe tena. Vitanda bado vipo. Kwa kuwa mliowaita wasiojiweza wamejiweza, waingizwe wale ambao ushahidi wa kutojiweza kwao upo: mwenyekiti wa mtaa, ambaye hakujua maji yanafunguliwa wapi mpaka alipokaliwa kikao, mume wangu, ambaye hajui vijiko vinakaa wapi, na wewe mwenyewe, ndugu Mkurugenzi, kwa uchunguzi tu. Tutakuja kuwatembelea, ila mara chache, tusije tukawavuruga.

Nisalimie katibu wako ambaye husema umetoka sasa hivi, dereva aliyemleta kaka, na wote wa nyumbani kwako.

Wako mtiifu kwa shingo upande,
Dada wa Mzee Hapana

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea kaka. Sehemu ya mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika sehemu yako akaacha kucheka.

"Huyo ana dada?" akauliza.

Nikasema sijui, huenda anaye.

"Basi asiende," akasema. "Dada yake atakuwa anamngoja."

Kwa hiyo ombi langu lifute lote. Makao yabaki yamefungwa, na ikiwezekana mbomoe na ukuta. Badala yake kaka anakualika chakula Jumapili. Nimemwambia wakurugenzi wana shughuli nyingi, huenda usifike. Amesema nisiwe na wasiwasi, atakuja mwenyewe kukuchukua.