Ngazija ya Saa Sita

Gunga alikuwa akipita kando ya uwanja wa Tononoka, hana haraka wala nauli, alipomwona mzee ameketi kwenye ukingo wa saruji, kichwani kofia ya nahodha, magotini daftari. Bahari haikuonekana hata upande mmoja. Mtu anayevaa kofia ya nahodha pasipo na maji, Gunga aliwaza, huyo ni riziki iliyopotea njia. Akamsogelea kwa salamu ndefu.

Mzee aliitwa Musyoka. Alitoka Kitui mwaka wa 1964, akawa karani katika ghala moja la bandarini, Shimanzi, miaka thelathini, na mwezi uliopita alikuwa amestaafu. Umri wake wote alihesabu mizigo iliyoshuka melini, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa apande. Sasa alitaka kwenda kuzeekea ng'ambo, kwenye kisiwa ambako mtu huwa na boti yake. Daftarini alikuwa ameandika Shelisheli, Maldivi na Ngazija, na kila nchi akaipa alama kwa mambo matatu: boti, majirani, na wepesi wa kwenda kumwona binti yake Mercy, muuguzi wa hapa hapa mjini. Kwa hilo la tatu, nchi zote zilipata sifuri.

"Ngazija usiinyime alama, mzee wangu," Gunga alisema. "Ni saa sita tu kwa boti. Mimi ndiye wakala wa wastaafu wa huko."

Uwakala wenyewe ulikuwa na umri wa dakika mbili, lakini ulikuwa na afya njema. Gunga alieleza ada ya ukaazi, chumba chenye roshani na hewa isiyojua kifua. Katikati ya maelezo akapenyeza swali: je, mzee alipata kutembea Mji wa Kale, hapo hapo mjini? Musyoka alikiri hajawahi. Njia yake ilikuwa Tononoka kwenda Shimanzi, Shimanzi kurudi Tononoka, na Jumapili kanisani. Alisikia kule kuna vichochoro, naye alichelea kupotea. Gunga nusura ambusu.

Ada Musyoka aliikubali, ila karani hatii sahihi kabla ya kuuona mzigo. Kwanza apelekwe akaone.

Gunga naye alikuwa na haja yake. Aliishi Mji wa Kale, ghorofani kwa mjane mmoja, Bi Mwanakuu, na chini ya nyumba ile, penye ngazi za majini, ilifungwa boti ya marehemu mume wa bibi. Bi Mwanakuu alikuwa amechoka kuitazama. Alisema atamuuzia yeyote atakayetangulia kumwekea fedha mkononi kabla ya mwezi kwisha. Gunga aliitaka boti ile kuliko alivyopata kumtaka mke, na ada ya Musyoka ingetosha kabisa.

Jumamosi asubuhi alimpakia mzee pwani ya Tudor, katika boti ile ile, kwa petroli ya kuazima. Akamlaza chini ya turubai kwa sababu, alisema, jua la kimataifa ni kali. Kisha akaanza kuzunguka. Alizunguka mkono wa bahari kama mtu aliyeangusha pete. Walipopita chini ya daraja la Nyali, kivuli kikubwa kikawafunika na malori yakanguruma juu. Musyoka aliuliza ni nini hicho. Gunga akamjibu kuwa ni mawingu ya mpakani. Mzee alikuwa ametoa mkono nje ya turubai, vidole vimo majini. Hakuurudisha ndani saa zote sita.

Bi Mwanakuu alikuwa ameandaliwa mapema. Gunga alimwambia kuwa mgeni ni ami yake aliyeharibiwa kichwa na homa, anadhani yuko Ngazija, basi asipingwe. Bibi, mwenye huruma zake, akampokea mlangoni.

"Karibu Ngazija, babangu. Safari yako waionaje?"

Akamketisha barazani, akamletea mkate wa sinia na kahawa. Kila aliyepita alisimama kumuuliza hali yake, ya safari na ya watoto, na akangoja jibu. Musyoka akafungua daftari, akaandika.

Ilipofika saa nane king'ora cha zamu kikalia kutoka Shimanzi. Mzee, kwa mazoea ya miaka thelathini, akaweka kikombe chini na kusimama wima. Gunga akamwahi kabla hajauliza.

"Nyangumi huyo," alisema.

"Hulia saa nane kamili?"

"Ni nyangumi wa serikali."

Musyoka akaitikia kwa kichwa, akaketi, akamalizia kahawa. Gunga akaona mambo yameiva. Akatoka mbio kununua halua, maana sahihi hutiwa vizuri mdomo ukiwa mtamu.

Aliporudi alikuta godoro lake limesimamishwa ukutani barazani, sanduku lake kando, na ufunguo wa boti umening'inia kwenye kofia ya nahodha.

"Bibi amenieleza habari za homa yangu," Musyoka alisema kwa upole. "Nami nimemweleza habari za nyangumi."

"Yuwalipa kwa mkono wake," Bi Mwanakuu akasema. "Boti na chumba cha juu. Wewe, mwanangu, wanilipa maneno."

Gunga alijaribu kusema jambo kuhusu ada ya wakala. Musyoka akamkatiza. King'ora kile, alisema, alikuwa akikipuliza yeye mwenyewe. Lakini maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumtembeza baharini saa sita, na kwa hilo hana kinyongo. Akafungua daftari, akamwonyesha: boti kumi, majirani kumi, Mercy kumi.

"Ngazija ile nyingine ingetaka pasipoti," alisema. "Hii hapana. Ila wewe huna kibali cha kukaa, kwa hivyo utarudishwa Kenya." Akamtilia ufunguo mwingine kiganjani. "Chumba changu Tononoka ki wazi hadi mwisho wa mwezi."

Gunga alisimama na godoro kichwani, halua mkononi. Akauliza kinyonge, kutoka hapa hadi huko ni umbali gani.

"Dakika ishirini kwa miguu," Musyoka akamjibu, akichukua halua. "Ukitaka kupitia baharini, saa sita."