Kifungu cha Saba na Kofia ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kihistoria. Baba mkwe anang'atuka! Ametangaza jioni hii, katika ukumbi wetu mdogo ulio nyuma ya duka la matairi, kwamba ziara yetu ya kwenda kucheza Jumamosi ndiyo ya mwisho yeye akiwa nahodha wa klabu yetu ya gofu. Baada ya ziara hiyo atamtaja mrithi na kumkabidhi kofia. Si kofia hivi hivi. Ni ile ya majani makavu, yenye ukingo mpana na utepe wa kijani, ambayo ameivaa uwanjani tangu kabla sijamposa binti yake.

Akasema hatampa mtu kwa kuwa anapiga mbali. Nikashusha pumzi, maana mimi sipigi mbali. Atampa anayejua kukaa na watu uwanjani. Hapo klabu nzima ikageuza shingo kumtazama Daktari wa Meno. Klabu nzima! Hata shemeji, kaka wa mke wangu, anayekula kwangu kila Jumatano na kubeba kilichobaki.

Daktari wa Meno ni mtu mzima anayevaa suruali ya rangi ya chungwa na mkanda wenye bizimu ya chuma kubwa kama kisosi. Akicheka, ndege huhama miti. Wote wanampenda, kwa sababu ambazo sijazielewa. Anawang'oa meno, nao wanamshukuru.

Mimi ni afisa itifaki. Kazini kwangu hakuna mheshimiwa anayeketi kabla sijamwonyesha kiti. Lakini mezani kwa baba mkwe nimeketi miaka yote ya ndoa yangu ubavuni mwa friji. Kila anayetaka maji, mimi husimama. Na mzee hajawahi kuniita mwanangu. Huniita "huyu bwana". Hebu huyu bwana asogee, nichukue maji!

Mwenye kofia ile hatakaa ubavuni mwa friji. Mwenye kofia ile ataitwa mwanangu.

Kisha, bahati iliyoje! Mzee akaomba mtu wa kuandika upya kanuni za adabu ziarani, kwani za zamani zimebaki ukurasa mmoja wenye doa la chai. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Kwa usahihi zaidi, nilinyoosha yote miwili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeandika tangu nilipotoka kazini. Kanuni zangu zina dibaji, shabaha, na tafsiri ya maneno magumu, likiwemo neno "mpira". Kazi ya kupendeza sana. Lakini uhai wake umo katika vifungu viwili.

Kifungu cha sita: suruali ya mchezaji iwe ya kijivu na si vinginevyo, wala isifungwe kwa mkanda wenye chuma. Kwaheri chungwa! Kwaheri kisosi!

Kifungu cha saba: tangu mchezaji anaposimama mbele ya mpira hadi mpira utakapotulia, mtu yeyote asipaze sauti, kwa sababu yoyote ile. Adhabu, kuongezewa mapigo mawili katika hesabu yake.

Daktari hawezi kunyamaza hata vidole vyake vikiwa ndani ya kinywa cha mtu. Kabla ya shimo la tatu atakuwa amezama katika adhabu, na baba mkwe atakuwa akitafuta kwa macho mtu mpole, mtulivu, mwenye haiba. Nitajitahidi kusimama mahali panapoonekana.

Nimemsomea mke wangu akipiga pasi. Akauliza, je, mpira ukimwelekea mtu? Nikamjibu kwamba muungwana halengi watu. Akasema hana wasiwasi na wanaolenga. Wasiwasi wake ni kwangu.

Sikuona uhusiano. Kifungu kimebaki kama kilivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kanuni zimepita! Baba mkwe alizisoma akiwa ameshusha miwani hadi ncha ya pua. Alisita kwenye kifungu cha saba, akauliza kama maneno "kwa sababu yoyote ile" ni ya lazima. Nilisimama na kueleza, kwa ufasaha uliozidi mahitaji ya kikao, kwamba kanuni yenye msamaha ndani yake ni ombi tu. Mzee akasema haya, huyu bwana kasema.

Tena Daktari wa Meno akaniunga mkono! Eti yeye mwenyewe anajijua ana mdomo, na kifungu hiki kitamfunza. Wakampigia makofi. Kifungu changu, makofi yake!

Nimerudi nyumbani na kuijaribu suruali yangu ya kijivu. Ilishonwa nikiwa bwana harusi. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali, kama ndugu waliogombea shamba. Mke wangu akashauri nirekebishe kifungu cha sita kabla ya Jumamosi. Haiwezekani. Nimekitia saini mwenyewe, kwa wino mweusi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hakuna suruali ya kijivu katika duka lolote mjini. Muuza nguo wa mwisho alinieleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba tangu jana jioni wamekuja wanaume kadhaa wakisema kuna chizi fulani wa gofu ametunga sheria. Nilimshukuru na kuondoka kwa heshima.

Imebidi niazime ya shemeji. Shemeji ni mtu wa kupita mlangoni kwa ubavu. Ndani ya suruali yake tungeenea mimi na mgeni wangu. Mkanda wangu una bizimu ya chuma, hivyo nimezuiwa na kifungu changu. Mke wangu akaikunja kiunoni na kuifunga kwa pini, huku akitikisika mabega. Nikamuuliza analia nini. Akasema si kilio.

Hata hivyo, ushindi mmoja! Mimi ndiye niliyepanga makundi ya kesho. Baba mkwe atatangulia na wazee wenzake. Nyuma yake tutafuata mimi, Daktari wa Meno na shemeji. Kila kicheko cha Daktari kitamfikia mzee moja kwa moja masikioni. Hiyo ndiyo itifaki, mabibi na mabwana!

Nimejizoeza mbele ya kioo jinsi ya kuinamisha kichwa ili nivishwe kofia. Mke wangu akaingia. Nikamwambia natafuta chawa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwa uaminifu, ili vizazi vijavyo vijue.

Daktari wa Meno alifika amevaa kijivu. Kijivu kilichokatwa na fundi hodari, kimemkaa kama suti ya waziri siku ya kuapishwa. Wakamzunguka. Wakashika kitambaa. Akawaambia wote kwamba wanishukuru mimi, maana bila kifungu cha sita asingejua kuwa kijivu kinampenda. Hakuna aliyeniangalia mimi, isipokuwa shemeji, aliyeuliza kwa sauti kama suruali yake iko salama.

Uwanjani hakusema neno! Mwenzake akipiga vizuri, Daktari aliinua mikono juu na kucheza kimyakimya, akizunguka kama pangaboi. Wazee wa kundi la mbele walishikana mabega kwa kucheka. Baba mkwe alifuta machozi kwa kitambaa. Mtu wa kwanza kuadhibiwa kwa kifungu cha saba nilikuwa mimi. Pini moja ilinichoma shemeji akiwa anapiga, nikasema "Yalaa!" Shemeji alitangaza mapigo mawili kwa furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu azaliwe mwanawe.

Tukafika shimo la saba. Kundi la baba mkwe lilikuwa bado karibu na bendera. Shemeji akaninong'oneza nisubiri watoke, ndiyo adabu. Najua kuwa ndiyo adabu, nimeiandika mimi! Lakini naijua pia mipira yangu. Haijawahi kufika hata nusu ya njia ile. Na mzee alikuwa amegeuka anatutazama. Nilitaka anione nimesimama wima, mtulivu, mwenye haiba.

Nikapiga.

Pini zote zikaachia kwa pamoja. Suruali ya shemeji ikateremka kama pazia. Na mpira! Mola wangu, mpira! Sijapiga vile tangu nishike fimbo. Ulipanda, ukanyooka, ukaivuka nusu ya njia bila hata kuisalimia, ukaanza kushuka kuelekea kofia ya majani makavu yenye utepe wa kijani.

Nilijua la kufanya. Nikafungua mdomo. Kisha nikakumbuka kifungu cha saba. Mpira ulikuwa haujatulia. Nikafunga mdomo.

Daktari wa Meno akapaza sauti ya kumzindua mgonjwa aliyechomwa ganzi. "Mzee, inama! Inama, mzee!"

Baba mkwe akainama, kofia ikamtoka kichwani. Mpira ukaitoboa ikiwa bado hewani na kutua kwenye nyasi. Kofia ikaanguka, ina tundu utosini.

Mimi, nikiwa nimekamata suruali kwa mkono mmoja, nikainua wa pili na kutangaza: Daktari wa Meno, mapigo mawili, kifungu cha saba.

Nakiri kwamba wakati ule haukuwa mwafaka.

Baba mkwe alikuja kwetu polepole. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, na miguu yake haijaacha kazi, kwa hiyo alikuja akihesabu hatua kwa kunong'ona. Alipofika akainua kofia na kunitazama kupitia lile tundu. Jicho moja tu. Akauliza ni nani aliyeandika "kwa sababu yoyote ile". Kila mtu alijua, mzee mwenyewe alijua, lakini wote walininyooshea kidole, pamoja na watu wa kundi la nyuma ambao hawakusikia swali.

Daktari akaomba radhi kwa kupaza sauti na kuyapokea mapigo yake mawili. Wakamshangilia. Kwa kuvunja kanuni!

Nyumbani mke wangu alimpigia baba yake simu, akamsikiliza kitambo kirefu, kisha akaniangalia na kusema tu, "Ungemwita, baba watoto. Ungemwita tu." Nikajaribu kumweleza kuhusu mpira kutulia. Akazima taa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Chakula cha mchana kwa baba mkwe. Daktari wa Meno amealikwa! Ameketi mkono wa kulia wa mzee. Mama mkwe alimwongezea nyama mara tatu, akimwita mwokozi wa nyumba yake. Mimi ubavuni mwa friji. Daktari akataka maji. Nikasimama.

Baada ya chakula mzee akatangaza kwamba nahodha mpya ni Daktari wa Meno, na kwamba atatafutiwa kofia mpya, kwa kuwa ya zamani imepata hewa. Makofi. Nami nilipiga makofi, kwa kiasi kinachokubalika kiitifaki.

Kisha mzee akasema, "Mwanangu."

Niligeuka kumtafuta shemeji. Shemeji alikuwa jikoni.

"Mwanangu, nasema na wewe." Akaniambia amepima kwa hatua zake mwenyewe, na mpira ule umekwenda mbali kuliko wowote aliowahi kuupiga yeye katika shimo la saba. Kisha akaongeza: "Usirudie."

Nilitazama sahani yangu, nikaona ina ukungu, nikatambua kuwa ukungu ulikuwa machoni mwangu.

Mzee akainuka, akaitwaa ile kofia yenye tundu na kunivisha mbele ya watu wote. Niliinamisha kichwa kama nilivyojizoeza. Akasema niivae katika kila ziara, ili walio mbele wanitambue kwa mbali na kujua ni nani amesimama nyuma yao. Meza nzima ikacheka. Shemeji ilibidi apigwe mgongoni.

Nilitoa hotuba ya kupokea kofia. Nilikuwa nayo mfukoni tangu Jumatatu, kwa hiyo niliruka tu kila mahali palipoandikwa "nahodha". Nilipokuwa naingia sehemu ya pili, baba mkwe akanigusa bega.

"Mwanangu, sogea, nichukue maji."

Mara mbili! Katika mlo mmoja!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Daktari atapewa kofia mpya, isiyo na historia wala ukoo. Mimi ninayo ya asili. Mwenye macho anaona ni nani aliyerithi nini. Nimeivaa nikinywa chai. Upepo wa tundu unaburudisha.

Nahodha mpya amenipigia simu, akaniomba kwa upole nikilegeze kifungu cha saba. Nimekilegeza. Sasa mtu yeyote ataruhusiwa kupaza sauti ili kumwokoa mwenzake, mradi kwanza aombe ruhusa ya mwandishi wa kanuni, kwa sauti ya chini, mpira ukiwa bado hewani.

Nimegusa pia kifungu cha sita. Kijivu kimempendeza Daktari kupita kiasi, nacho nimekipiga marufuku. Kuanzia ziara ijayo wachezaji wote watavaa rangi ya chungwa, ili yake ipotee katikati ya wengi. Hila safi kabisa! Nashangaa haikunijia mapema. Nimetia saini, kwa wino mweusi.

Mke wangu amesoma akiwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama ninayo suruali ya rangi ya chungwa.

Sina. Lakini shemeji anayo.