Bizimu la Dalton na Pampu ya Mzee Bledsoe

Shelby alimwona inzi kwanza. Alikuwa amenasa kwenye rangi ya kijani ya pampu ya Mzee Hoyt Bledsoe, miguu juu, kama mlevi aliyelala uani kwa jirani.

Alitaka kusema. Lakini Dalton Crisp, mchumba wake wa miaka mitatu, alikuwa na sheria moja kazini: yeye anaongea, Shelby anatabasamu. Akatabasamu.

Wiki hiyo baridi kali iliishukia Fort Worth, mji uliozoea kuona barafu ndani ya glasi tu. Pampu za mabwawa ya kuogelea ziliganda na kupasuka mtaa mzima, na madukani haikubaki hata moja. Wengine walilia. Dalton alinyoa ndevu, akapakia pampu moja iliyopasuka kwenye pikapu, akaanza kubisha hodi.

"Mzee, pampu yako nzima?"

"Nzima kama mimi," alijibu Bledsoe, aliyezeekea katika kuuza magari yaliyotumika.

"Pole sana. Majirani watalipwa na bima, wewe utabaki na uzima wako."

Mzee alikuna kidevu. "Endelea, mwanangu."

"Tunang'oa yako, tunafunga hii yangu. Mkaguzi wa bima akija, mwambie mashine ilikuwa inazunguka, umeme ukakatika, baridi ikafanya yake. Wakilipa, tunagawana. Yako naificha kwangu asiione."

Ambalo Dalton hakulisema ni kwamba mnunuzi wa hiyo pampu alikuwa anasubiri Arlington, mji wa jirani. Baadaye mzee angerudishiwa kopo bovu lililopakwa rangi, na shukrani nyingi.

Bledsoe aliiwasha. Ikanguruma vizuri, akaizima haraka. "Bwawa halina maji, itaungua. Ichukue, ila uniachie rehani. Hilo hapo." Kidole kilielekea kiunoni kwa Dalton.

Dalton alilifunika bizimu la mkanda wake kwa mikono miwili. Lilikuwa la fedha, pana kama kisahani cha chai. Alilishinda ujanani kwa kung'ang'ania mgongoni mwa fahali mbele ya umati wa watu, na ndicho kitu pekee alichowahi kukipata kihalali. Alikuwa akilala nalo. Shelby hakuwahi kupata hata pete.

"Ni la siku mbili tu," Dalton alijinong'oneza, akavua mkanda kama anayevua ngozi.

Kule Arlington mnunuzi alimimina maji ndani ya pampu, nayo ikamkojolea viatu. Chini ya rangi kulikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi.

Walirudi mbio, Dalton akishika usukani kwa mkono mmoja na suruali kwa mwingine. Bledsoe alikuwa barazani na chai yake baridi yenye sukari, bizimu likimeremeta tumboni.

"Mzee, umeniuzia pampu mbovu!"

"Nimekuuzia saa ngapi? Ulisema unakwenda kuificha. Ifiche."

"Baridi iliipasua, na wewe ulijua!"

"Nilijua sana. Usiku ule niliizima mwenyewe, kubana umeme, halafu kwa upumbavu nikamwambia mkaguzi ukweli. Akaniambia bima yao inalipia baridi, hailipii ubahili. Nimebishana naye mpaka koo limekauka. Nikasema basi, nimsubiri mtu mwenye roho nzuri."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, kijana. Waeleze vizuri ulivyokuja kunifundisha kuidanganya bima. Ila usiwapigie saluti kwa mkono huo ulioshika suruali."

Ndani ya pikapu Dalton alijifunga kamba kiunoni. "Rangi safi vile! Nani angejua?"

"Nilimwona inzi," Shelby akasema.

"Inzi gani?"

"Amenasa kwenye rangi. Ilikuwa bado mbichi. Nilimwona kabla hujavua mkanda."

Dalton alikanyaga breki. "Ukanyamaza?"

Shelby alitabasamu, kama alivyofundishwa. Kisha tabasamu likamtoka.

"Miaka mitatu nalala na chuma chako kikinichoma mbavu, Dalton. Nilitaka kiende."