Kura ya Mpini wa Bastola

Wakazi wote wa Eldoret na viunga vyake, kuanzia Turbo hadi Timboroa, wanaarifiwa kwamba Kamati ya Kuhakiki Vitu vya Kale imefanya kazi yake kwa uadilifu mkubwa, na kwamba maneno yanayosemwa sokoni kuhusu mwenyekiti wetu na mguu wa ng'ombe yanahitaji ufafanuzi. Mimi ndimi katibu. Nitayafafanua.

Utaratibu wetu ni rahisi. Mwenye kitu cha kale anakileta ofisini siku ya Jumanne, si siku nyingine, akiwa na picha mbili za pasipoti. Tunakiangalia, tunakunywa chai, tunapiga kura. Kitu cha kawaida anarudi nacho nyumbani. Kitu chenye thamani kinakaa sebuleni kwa mwenyekiti, Mheshimiwa Kituyi, kwa sababu za kiusalama. Hadi mwaka huu sebule hiyo ilikuwa imelinda bastola kumi na moja za kale. Ilikosekana moja tu ya aina ambayo Mheshimiwa aliiota: yenye nakshi, na mpini wa pembe ya ndovu.

Basi Jumanne moja akaingia Mwalimu Nicanor Kipyego, mstaafu kutoka Ziwa, na kitu kimefungwa kwenye mfuko wa unga. Alikuwa amesikia tangazo letu redioni na kulitii. Watu wa namna hiyo wamebaki wachache, na tunawahitaji sana.

Ilikuwa bastola ya kabla ya risasi za siku hizi. Unaijaza baruti, unavisha kofia ndogo ya shaba kwa nyuma, nyundo ikigonga kofia, inalia. Baba yake Mwalimu, aliyekuwa mpishi, aliachiwa na mzungu wake. Mwalimu mwenyewe hajawahi kuitia risasi. Kwa miaka thelathini na moja ameitumia kuanzishia mbio za watoto wa shule ya msingi.

"Nataka cheti tu, niende nayo," alisema. "Ijumaa watu wa sekondari wanakuja kuchagua wakimbiaji. Kuna msichana anaitwa Mercy, wakimwona tu, amepata shule. Na hawa watoto wamezoea hii mlio. Ukipiga filimbi wanajua ni uji."

Mheshimiwa hakusikia. Alikuwa anapapasa majani yaliyochorwa kwenye chuma, kisha ule mpini mweupe.

"Ndovu," alinong'ona.

"Si ndovu, Mheshimiwa. Mpini ya kwanza ilipasuka eighty-seven. Hii nilichonga mwenyewe na mfupa ya mguu wa ng'ombe yangu, Chelel. Nikasugua na mafuta mpaka ikang'aa."

"Mwalimu, hapa tunafuata procedure. Kifungu cha tisa: mwenye kitu hawezi kutoa ushahidi juu ya kitu chake."

"Na nani alimjua Chelel kuliko mimi?"

"Katibu, futa maelezo ya mzee."

Nilikuwa bado sijayaandika. Ikabidi niyaandike kwanza ndipo niyafute kihalali. Kisha tukapiga kura: watano tuliona ni ndovu, hakuna aliyepinga. Chelel hakuwa na mwakilishi. Mheshimiwa alitia sahihi cheti chenye maneno *Pembe Halisi ya Ndovu, Mali ya Mheshimiwa Kituyi*, mara tatu, kwa furaha. Mwalimu alikunja mfuko wake wa unga akaondoka bila kunywa chai.

Ijumaa, huko Ziwa, walipiga filimbi. Mercy aliongoza kwa umbali mkubwa sana, hadi jikoni. Wageni walisema watarudi Ijumaa inayofuata, mara ya mwisho, na mbio zianzishwe kama mbio. Nasikia mtoto alilia mpaka uji ukapoa.

Mheshimiwa naye aliweka picha ya bastola na cheti chake kwenye Facebook. Jumatano akaja Afisa Waithira wa wanyamapori.

"Mheshimiwa, hii ni pembe ya ndovu?"

"Kabisa! Genuine!"

"Kibali iko wapi? Kuwa na pembe bila kibali ni jela."

Mheshimiwa alikaa. Kisha akagundua ukweli wa kisayansi. "Madam, hiyo ni mguu wa ng'ombe."

"Cheti inasema ndovu. Sahihi ni ya nani?"

"Kuna mzee mmoja huko Ziwa anaweza kukueleza."

Afisa aliomba kumbukumbu zangu, akasoma hadi kifungu cha tisa. "Sawa. Mwenye kitu ni wewe, kwa hivyo neno lako halifai. Mwalimu si mwenye kitu tena. Yeye ndiye shahidi. Nakupa mpaka Ijumaa."

Ijumaa tulimkuta Mwalimu uwanjani. Watoto walikuwa wamejipanga, Mercy katikati, na wageni wameshika saa zao. Afisa Waithira alibeba bastola kama kielelezo.

"Mwalimu wangu, mzee wangu," alisema Mheshimiwa, na mimi sijawahi kumsikia akimiliki wazee. "Mwambie madam juu ya Chelel."

"Lazima kwanza nitambue kielelezo," Mwalimu alisema. "Siwezi kuitambua mpaka nisikie mlio yake."

Afisa alifikiri, akampa. Mwalimu alitoa baruti na kofia ya shaba mfukoni, akajaza polepole, akainua mkono. Ililia. Mheshimiwa alilala kifudifudi kwenye nyasi. Mercy aliondoka, na safari hii hakuelekea jikoni. Alipomaliza mzunguko wa pili wenzake walikuwa bado mbali, na mgeni mmoja alikuwa tayari anaandika jina lake. Mwalimu alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Umeitambua?" Mheshimiwa aliuliza kutoka chini. "Sema basi!"

"Nimeitambua kabisa. Maelezo mengine nitatoa Jumanne," Mwalimu alisema. "Uje na picha mbili za pasipoti."

"Jumanne! Madam, leo ni Ijumaa!"

Afisa Waithira alimfungulia mlango wa gari lake. "Jumanne si mbali, Mheshimiwa. Utangoja kwetu, kwa sababu za kiusalama."

Nimeyaandika haya yote kwenye kumbukumbu, na hakuna aliyebaki wa kuniambia nifute.